Akidi ya Goti la Mama Nyamizi

Kondo aliingia bila kubisha hodi, akasogeza chupa ya chai pembeni, akaweka jiwe juu ya meza yetu ya kulia.

"Nusa, mtani," akasema.

Nikanusa. Halikunuka kitu.

Kwa mtu mwingine hilo ni jambo la heri. Lakini Kondo ndiye msimamizi wa mtambo wa majitaka wa mji wetu wa Ulombo, na jiwe lile lilitoka kwenye kitanda cha mawe nilichokitunza mimi kwa miaka ishirini na minane kabla sijastaafu na kumwachia yeye. Jiwe la kitanda kile lazima linuke. Lazima livae ute mzito wa kahawia, unaoteleza kama bamia iliyolala. Ute huo ni bakteria, mabilioni kwa mabilioni, wameshikana mikono na kujenga mji wao. Majitaka ya Ulombo hunyunyiziwa juu yao, wao wanakula uchafu, na maji yanayotoka chini yanakwenda mtoni bila kumdhuru mtu. Jiwe likiwa safi namna ile, ina maana uchafu unapita kama abiria aliyelala, hashuki popote mpaka mtoni.

"Umelisugua," nikamwambia. "Nyinyi Wazaramo kwa usafi wa kuonyesha watu hamjambo."

"Nilisugue kwa kazi gani? Mnyamwezi akiona jiwe anawaza tu atalibebaje kichwani. Sikiliza, babu. Yako hivi yote. Kitanda kizima kina upara."

Hapo ndipo nikaweka kikombe chini. Mtani wangu anaponiita babu, kuna jambo.

Nilichukua redio yangu, tukaenda mtamboni kwa miguu.

Niieleze redio hiyo, maana watu wa Ulombo husema niliiiba. Niliiunda mwenyewe, kwa redio ya marehemu shemeji yangu, kipima harufu kilichong'olewa kwenye friji ya muuza samaki, na sindano ya kushonea magunia. Sikwenda chuo chochote. Nilisoma vitabu vilivyokuwa vikitupwa majitakani, na kwa kweli watu hutupa vitabu vizuri sana. Humo nikajifunza kwamba bakteria wanaongea. Kila mmoja hudondosha tone dogo la kemikali. Wakiwa wachache, tone linapotea. Wakiwa wengi, matone yanajazana, na kila mmoja anatambua kwamba wameshatosha. Ni mambo ya kikao tu. Akidi haijatimia, wajumbe wanapiga soga. Akidi ikitimia, wanapitisha azimio moja tu, siku zote lile lile: tujenge ute.

Redio yangu inageuza kila tone kuwa mlio, na kuhesabu. Enzi zangu kitanda kile kilikuwa na kelele kiasi kwamba mwaka mmoja wa mvua niliiacha redio dirishani, jirani akaja kulalamika kwamba harusi yetu imezidi siku tatu.

Safari hii mkono mrefu wa chuma ulikuwa ukizunguka na kunyunyiza kama kawaida. Nikapenyeza sindano kati ya mawe, nikasikiliza. Ti. Ti. T... Kila mlio ulikatwa katikati, kama mtu anayezibwa mdomo.

"Nini hiyo?" Kondo akauliza.

"Sabuni," nikasema. "Kuna sabuni mpya madukani. Kali hiyo."

Akaniamini. Sikuwa nimewahi kumdanganya kuhusu mawe, ila kuhusu mambo mengine yote.

Mlio ule niliujua. Nilikuwa nausikia kila asubuhi nikiweka sindano juu ya goti la mke wangu.

*

Kalunde, ambaye kwa wengi ni Mama Nyamizi, aliwekewa goti la chuma miaka mitatu iliyopita. Bakteria walihamia. Juu ya mawe yangu azimio la kujenga ute ni baraka. Juu ya chuma ndani ya mguu wa mtu ni balaa, kwa sababu ute ukishakauka kama ukuta, dawa za kuua vijidudu zinagonga nje na kurudi. Daktari Wande wa kliniki yetu alituweka kitako akatuambia mguu ukatwe juu ya goti, au tujaribu walaneno.

Walaneno ni bakteria waliofugwa. Hawaui mtu. Wanakaa katikati ya mazungumzo na kula matone. Wale wa kwenye chuma wanajikuta hawasikiani, kila mmoja anadhani yuko peke yake, akidi haitimii, ute haujengwi. Kisha askari wa mwili wanawaokota mmoja mmoja. Ni ujanja ninaoupenda sana, na natamani ningeubuni mimi.

Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, choo kiwe ndoo yenye kizibo, yenye unga wa kuwaua walaneno kabla hujamwaga popote, kwa sababu wakiingia kwenye mabomba watazaana. La pili, asimpe mtu mwingine. Atakayekiuka atanyang'anywa. Kalunde alitia saini, na ndoo akaitii kuliko alivyowahi kunitii mimi.

Lakini walaneno wa kliniki walikuja ndani ya maziwa, kwenye kasha la baridi, na siku ya nne walikuwa wanakufa. Mke wangu ni mwanamke ambaye kibuyu chake cha maziwa mgando hakijawahi kufa tangu aolewe. Mbegu yake aliipata kwa mama yake, naye kwa mama yake. Aliona dawa inakufa, akaona vibaya. Mabaki akayamimina kwenye kibuyu kidogo, akakitikisa, akakiweka karibu na jiko. Hawakufa. Walinenepa.

Na kwetu, mwenye kibuyu kilicho hai huombwa mbegu. Jirani anakuja na kikombe, unammiminia, anafunika na kisosa, anakwenda. Kumnyima jirani mbegu ya mgando ni jambo ambalo hata mchawi angeona haya kulifanya. Kalunde hakufikiri kwamba anagawa dawa. Alikuwa anagawa mgando, na waliokunywa, hata wasio na chuma, magoti yaliacha kuwauma.

Siku ile nilipotoka mtamboni nilipishana na Bibi Chausiku langoni kwetu, mkononi ana kikombe kilichofunikwa. Bibi Chausiku ana miaka sabini na tisa. Fimbo aliisahau kwetu wiki mbili zilizopita na hakuwa na haraka ya kuifuata.

"Shikamoo zako nitakuitikia kesho," akaniambia. "Leo nina mwendo."

Nikaingia ndani, nikamuuliza Kalunde amewapa wangapi. Nilijitahidi kuuliza kama mtu anayeuliza chumvi.

"Wenye magoti? Kumi na tisa. Mbona?"

"Hamna. Nimefurahi tu."

Kumi na tisa, na hata mmoja hakuwa na ndoo.

*

Nilikaa kimya siku nne. Nimeandika hapa mengi ya kujisifu, basi na hili liandikwe.

Nilikuwa na hesabu zangu. Nikisema, kliniki itachukua walaneno wa Kalunde, chuma kitavaa ute, mguu utakwenda. Nisiposema, mawe yatabaki na upara, lakini labda mvua itakuja, labda walaneno watachoka, labda mto ni mkubwa. Kila asubuhi niliweka sindano juu ya goti lake, nikasikia ile sauti ya kutafuna maneno, naye akinisugua kichwa kwa kidole kama anavyofanya tangu tukiwa vijana. Nikawa najiambia, kesho.

Siku ya tano Kondo alikuja akabisha hodi. Akakaa ukingoni mwa kiti. Hakunitukana mimi, wala kabila langu, wala chai yetu.

"Shule ya Mwakasuku," akasema. Mwakasuku iko kilomita sita chini ya mtambo, wanachota mtoni. "Watoto kumi na mmoja wanaendesha na kutapika. Mmoja katundikiwa dripu. Mtani, ile sabuni inaitwaje, nikaipige marufuku?"

Nikamwambia nitamtafutia jina lake. Alipoondoka nikaenda uani. Kalunde alikuwa amekaa kwenye mkeka, mguu wa chuma umenyooka, anachambua mchele. Nikamwambia yote. Nilisema haraka nikitazama ungo.

Hakuacha kuchambua mpaka nilipomaliza.

"Umejua tangu lini?"

"Siku nne. Hii ya tano."

"Na watoto wameanza kuugua lini?"

"Jana. Juzi, wengine."

Akautua ungo.

"Nilikuwa nautetea mguu wako, Mama Nyamizi."

"Mguu wangu una mdomo? Uliuuliza ukakujibu?" Hakupandisha sauti. "Mimi nimekosa kwa kutojua. Wewe ulijua. Umenipenda vibaya, Baba Nyamizi. Miaka yote hii unanipenda vizuri, halafu uje unipende vibaya uzeeni."

Nikaanza kuokota punje za mchele mkekani. Mimi, ambaye niliwahi kumshawishi mkaguzi kwamba bomba lililopasuka lilikuwa chemchemi ya kihistoria.

"Nipe mkono niinuke," akasema. "Tunakwenda kwa Wande. Nitasema mimi, wewe utabeba kibuyu."

*

Daktari Wande ni binti wa juzi tu, mwembamba, anaongea kama anayeogopa kumwamsha mtu. Alisikiliza, akakifungua kibuyu, akachungulia, akanusa, akakifunga. Kisha akaandika jina la Kalunde kwenye fomu, na nikaona mkono wake haukupenda kuandika.

Kesho yake wanawake wote ishirini walikuwa kwenye baraza la kliniki. Wande akawaeleza. Kuna kidonge kinachowamaliza walaneno mwilini. Wote wameze siku hiyo hiyo, kwa sababu akibaki mmoja anayewabeba, mabomba yatajaa upya. Kisha siku arobaini za kungoja mawe yapone. Baada ya hapo mwenye chuma mwilini anaweza kuomba tena, kwa ndoo.

"Na sisi wenye mifupa tu?" Bibi Chausiku akauliza.

"Nyinyi mtarudi kwenye mafuta ya kuchulia, bibi. Samahani."

Bibi Chausiku akakitazama kidonge kwenye kiganja chake.

"Mimi nilikuwa natambaa," akasema. "Chooni natambaa, jikoni natambaa. Wajukuu walikuwa wananiruka kama gogo. Sasa natembea, mnaniambia nirudi chini. Simezi. Mniite mbaya, mimi ni mbaya."

Hakuna aliyemwita mbaya. Wengine wawili watatu wakafunga viganja vyao pia. Nikaona kikao kinavunjika. Nilitaka kusema kitu kuhusu kemia. Kalunde akanipiga jicho, nikatulia.

"Chausiku, shoga yangu," akasema. "Wewe ukimeza, goti litauma. Mimi nikimeza, huenda nikakatwa. Si kweli, daktari?"

"Inawezekana, mama."

"Basi nikianza mimi, utasema nini?"

Kalunde akaweka kidonge mdomoni, akameza bila maji. Alikunja uso, maana ni kichungu, nami naapa nilikisikia kikishuka.

Bibi Chausiku akamtazama muda mrefu. "Una roho mbaya wewe," akamwambia, na akameza chake. Wengine wakafuata. Wande akahesabu: ishirini. Kwa mara ya kwanza katika historia ya Ulombo mkutano ulitimiza akidi, ukapitisha azimio na wajumbe wakalitekeleza kabla ya kunywa soda.

Mimi nilipewa kazi yangu na Kalunde. Nilikwenda Mwakasuku kwa miguu yangu, nikasimama mbele ya mwalimu mkuu na wazazi, nikasema nilijua siku nne nzima na nikakaa kimya. Nilijiandaa kutukanwa. Mama wa yule mtoto wa dripu alinivutia kigoda.

"Mwanangu ameanza kunywa uji," akasema. "Niambie, mpaka mto upone, maji tutachota wapi?"

Kwa hiyo mpaka mto ulipopona nilisukuma mkokoteni wa madumu kutoka kisima cha mjini mpaka Mwakasuku, mimi na Kondo, zamu ya asubuhi na zamu ya jioni. Kondo alipojua kwamba nilimdanganya kuhusu mawe hakuniongelesha kwa kilomita tatu. Ya nne akasema, "Sukuma, Mnyamwezi, hii ndiyo kazi mliyoumbiwa," nikajua nimesamehewa.

*

Wande alituambia akidi ya goti la Kalunde: milio elfu kumi kwa dakika moja ya redio. Ikifika hapo, ute unaanza kujengwa, na mkokoteni wa chumba cha upasuaji unaandaliwa.

Siku ya tatu nilisoma mia nne. Siku ya kumi na mbili, elfu mbili na mia moja. Walikuwa wanaongea sasa bila kukatwa, ti-ti-ti, wakitafutana kwenye chuma kama watu waliopoteana mnadani.

Siku ya ishirini na tisa: elfu saba na mia nane, na goti lilikuwa la moto nilipoligusa.

"Ngapi?" Kalunde akauliza.

"Elfu nne na kitu."

"Soma ya kweli."

"Ndiyo hiyo."

"Baba Nyamizi, ukidanganya sikio la kushoto linasogea. Nimelitazama sikio hilo tangu nimeolewa. Soma ya kweli."

Nikasoma. Akatikisa kichwa, akaomba kitambaa chenye maji baridi, na kuanzia siku hiyo akawa anaziandika namba mwenyewe ukutani, kwa kipande cha mkaa.

Siku ya thelathini na tatu mawe yalianza kunata. Kondo alivua kiatu akasimama juu yake mguu mtupu kuhakikisha, akateleza, akavunjika kidole gumba, na akaja kunipa habari huku anachechemea na kucheka. Maji ya chini yalipimwa, yakapimwa tena, na mto ukafunguliwa kwa watu wa Mwakasuku. Niliporudi na habari hizo, Kalunde alikuwa amelala chali, mto wa kulalia chini ya goti. Ukutani paliandikwa elfu tisa na mia moja.

"Basi watoto wanachota," akasema.

"Wanachota."

"Vizuri." Akafumba macho. Kisha: "Njoo ukae hapa. Hapana, huku, upande wa mguu."

Nikakaa. Nimewahi kusimulia kwamba niliogelea ndani ya tangi la majitaka kumtoa mbuzi, na hakukuwa na mbuzi. Lakini hili ni kweli: nililiwekea goti lile shavu langu, bila redio, na nikawaomba wale bakteria, kwa heshima zote, waahirishe kikao.

Wande hakupunguza hata siku moja kati ya zile arobaini, alitaka ute wa mawe ukomae kwanza. Siku ya thelathini na nane, elfu tisa na mia saba. Siku ya arobaini, elfu tisa, mia tisa na sitini. Wande alifika na kasha la baridi kabla hatujanywa chai, mbio, viatu mkononi kwa ajili ya tope. Kalunde akanywa. Wande akasema walaneno wanahitaji siku mbili tatu kufika kwenye chuma, na lolote linaweza kutokea humo katikati, na kitanda cha upasuaji amekiweka tayari. Ya arobaini na moja: elfu tisa, mia tisa na themanini na nane. Ya arobaini na mbili sikutaka kusoma. Kalunde akaichukua redio mikononi mwangu akasoma mwenyewe, akaandika ukutani namba ile ile ya jana.

Asubuhi ya arobaini na tatu tulisikia kilio langoni.

Alikuwa Kondo. Amejifunga kanga ya mkewe kiunoni na nyingine kichwani, amejipaka majivu usoni, kidole gumba kimefungwa bendeji, analia kwa sauti ya mtaa wa tatu. Mtani ana haki zake penye msiba, na hakuna anayeweza kumzuia. Tatizo ni kwamba hapakuwa na msiba.

"Jamani mguu," alikuwa akilia. "Mguu wa Mama Nyamizi, mguu uliokuwa ukinifukuza uani na mwiko. Umeondoka hata hatukuagana. Nani atanifukuza sasa? Wanyamwezi wamenificha, wanataka kuzika bila mimi."

Majirani wakatoka. Bibi Chausiku alikuja akijikokota na fimbo yake, akakaa kwenye ngazi, akaanza kumsaidia kulia. Kondo akajitupa kwenye kizingiti cha mlango wetu, akalala kukingama, akasema hatoki mpaka aonyeshwe maiti aioshe.

Nilikuwa ndani, nimepiga magoti kando ya kitanda, sindano juu ya ngozi ya Kalunde. Ti. Ti. T... Nikashusha pumzi, nikaongeza sauti. T... T... Wanakatwa. Wanatafunwa. Nikasoma namba, nikaisoma tena, nikamgeuzia redio aione mwenyewe.

Elfu sita na mia mbili.

Kalunde akaushusha mguu sakafuni, taratibu, akaukunja, akaunyoosha.

"Kanijibie huyo Mzaramo," akasema. "Mwambie marehemu anavaa kiatu."

Nilikwenda nikasema. Kilio cha Kondo kikapanda zaidi, akidai huo ni uzushi wa kumnyima haki yake. Nyuma yangu nikasikia hatua mbili, moja nyepesi, moja ya chuma. Kalunde akanishika bega, akamtazama mtani aliyelala kizingitini, na mbele ya majirani wote akafanya jambo ambalo watu wenye adabu hawalifanyi: akamruka, mguu wa chuma ukitangulia.

Kondo akabaki pale chini, kanga imemvuka kichwani. Alikuwa bado analia, ila sasa bila sauti, na majivu yalikuwa yanamchirizika.

"Amka, baba," Kalunde akamwambia kutoka uani. "Unanizibia mlango, na mimi nina kazi ya kutembea."